Misumari ya Miguu Yote

Theluji ya kwanza ikianguka huku kwetu Kainuu, mbali kaskazini mwa dunia, watu wazima wenye akili zao huacha kuulizana habari za nyumbani. Wanaulizana jambo moja tu: misumari au mpira mtupu? Na ole wako ujibu vibaya. Wapo ndugu wa tumbo moja walionuniana mpaka Pasaka kwa sababu mmoja amefunga matairi ya baridi yenye misumari midogo ya chuma, na mwenzake amefunga yale laini yasiyo na msumari hata mmoja, yanayoshika barafu kwa mpira wake tu. Mambo ya siasa watu husameheana. Hili la matairi, hapana.

Hilkka Moilanen hakuwa na nafasi ya ubishi huo. Alikuwa na shangingi kuukuu lenye matairi vipara, tela la kubebea farasi, na farasi mwenyewe, jike la rangi ya shaba aitwaye Ruska. Alikuwa pia na binti mmoja, Jonna, aliyekuwa anakaa mjini Oulu, na Jonna alikuwa amempa masharti.

Masharti yalitokana na mtaro. Majira ya baridi yaliyopita, Hilkka akimrudisha Ruska kutoka kwa daktari wa mifugo, gari lilimshinda kwenye mteremko wa Saukkovaara. Hakuwa na mwendo, hilo aliliapia mbele ya kila mtu. Alikanyaga breki kidogo tu, akasikia nyuma kunapwaya, na kufumba na kufumbua tela lilikuwa limemjia ubavuni kama mtu anayetaka kumpita kwenye foleni. Wote wakaishia mtaroni, gari, tela, farasi na mwenyewe. Ruska aliumia goti. Hilkka hakupata hata mkwaruzo, ila tangu siku ile alikuwa hajiamini tena, na hakuwahi kumwambia mtu.

Jonna alikuja siku ileile, amekunja uso, akamkagua mama yake kuanzia kichwani hadi miguuni. Akahakikisha hajavunjika kitu, ndipo akamtolea uvivu.

"Mama, huku kwenu baridi ni nusu ya mwaka. Daktari wa farasi yuko mbali hivyo. Farasi asiyeweza kupelekwa kwa daktari wakati wa baridi, huyo tunamfuga au tunamsubiri afe?"

Hilkka akatazama dirishani, kule zizini.

Basi wakakubaliana hivi. Kila mwaka, siku ya Stefano, kesho yake Krismasi, Ruska hupelekwa kwenye nyumba ya wazee kule Alakylä akavute sleji, gari lisilo na magurudumu linaloteleza juu ya theluji, na wazee hupandishwa kwa zamu, wamefungwa mablanketi mpaka puani. Mwaka huu Jonna angekaa mbele pamoja na mama yake, kwenda na kurudi. Juu ya mlango wa abiria kuna kishikio, kile cha kujishikia gari likiyumba.

"Nikikishika kwa hofu hata mara moja," alisema Jonna, "Ruska anakwenda kwa Leskinen. Nisipokishika, sitakuambia neno tena juu ya farasi wala tela. Hata ukitaka kufuga tembo."

Leskinen alikuwa mfugaji wa Kajaani. Alishakuja mara moja, akampapasa Ruska miguu, akamfunua kinywa, akasifu, akaacha namba ya simu. Alikuwa mtu mwema, ana mazizi ya joto na watoto wanaopenda wanyama. Hilkka alimtafuta kasoro akaikosa, na ndiyo maana alimchukia.

Ilipofika Novemba, Hilkka akaenda kwa Reijo.

Reijo ndiye fundi tairi wetu. Duka lake liko pembeni ya barabara kuu, linanuka mpira na kahawa, na msimu ule foleni ya magari hufika mpaka kituo cha mafuta. Ndani, kwenye kiti cha pekee chenye mto, alikuwa amekaa Taisto. Taisto ni shemeji yake Hilkka, mdogo wake marehemu mumewe Aarne, na kila mwaka hushinda pale mwezi mzima bila kununua hata kofia ya vali.

"Kahawa iko pale," alisema Reijo. Kwake hiyo ni hotuba.

"Nataka matairi."

"Misumari," alisema Reijo.

"Hee! Hata hajakuuliza gari!" Taisto akadakia, mto ukamponyoka. "Shemeji, usimsikilize huyu. Atakufunga misumari uende barabarani unalia kama sufuria ya bisi. Dunia nzima imehamia kwenye mpira laini. Jonna wako mwenyewe kafunga laini."

"Jonna anaendesha Oulu, barabara inafagiliwa kama sebule," alisema Hilkka huku akimimina kahawa.

"Mimi je? Si niko hapahapa kijijini? Nimeanguka lini?"

"Wewe gari lako mara ya mwisho kuvuta kitu lilivuta nini?"

"Lilivuta mashua."

"Mwezi wa saba, Taisto! Mwezi wa saba hata mimi naivuta mashua kwa baiskeli!"

Wateja waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko, na ubishi ukawaka moto. Huyu anasema misumari inachimba lami, yule anasema bora ichimbe lami kuliko watu kuchimbiana makaburi. Mwanamke mmoja aliyekuja kujaza upepo tu alijikuta anatetea matairi laini kwa sauti ya juu mpaka miwani ikamteleza. Reijo akaendelea na kazi yake mpaka kelele zikapungua, ndipo akamvuta Hilkka kwenye rafu.

"Ukiwa na baridi kali hasa, haya laini hayana neno," alisema polepole. "Taisto simpingi hapo. Lakini kuna zile siku barafu inaanza kutoa jasho, si baridi si joto, na wewe nyuma una farasi. Siku hizo nataka chuma kati yako na barabara."

"Sawa."

"Halafu tazama hapa ubavuni. Namba hii ni mzigo ambao tairi linaweza kubeba. Watu wanatazama bei, wanatazama hii alama ya theluji, wanaondoka. Tela lenye farasi linakandamiza mkia wa gari. Chukua haya yenye ubavu ulioimarishwa, usichukue ya gari la kwenda sokoni. Na siku ya kuvuta uyaongezee upepo ya nyuma."

"Achukue mawili," Taisto alipaza sauti kutoka kitini. "Ya mbele bado yana afadhali!"

"Manne," alisema Reijo bila kugeuka. "Tairi moja jipya na moja kuukuu kwenye gari moja ni ugomvi."

Hilkka akachukua manne, yenye misumari, yenye ubavu mnene. Walipokuwa wakifunga, mazungumzo yakarudi kwenye ajali ya Saukkovaara, kama yalivyorudi kila mara tangu mwaka jana. Reijo alishikilia kwamba misumari ya zamani ilikuwa imeng'oka nusu. Taisto alishikilia kwamba misumari yenyewe ndiyo tatizo. Wakabishana mpaka kahawa ikaisha. Tela lilikuwa nyumbani, nyuma ya zizi, limefunikwa theluji, na hakuna aliyeuliza hali yake.

Hilkka akarudi nyumbani moyo mweupe. Gari lilishika barabara mpaka akajisikia kuimba, na kusema kweli aliimba.

Siku chache kabla ya Krismasi akaamua kujijaribu. Akafunga tela, akapakia magunia ya mchanga mahali pa farasi, akaenda kwenye kilima kidogo penye masanduku ya barua, mahali ambapo hakuna mtu wa kumcheka. Akapanda. Akageuza. Akaanza kushuka taratibu kabisa, mikono imetulia, akakanyaga breki kama mtu anayekanyaga yai.

Nyuma kukapwaya. Kwenye kioo cha pembeni akaliona tela linakuja.

Hakuna kilichovunjika. Tela lilipanda ukuta wa theluji laini, likatulia likiwa limeinamia upande. Lakini Hilkka alizima injini akakaa palepale. Matairi bora kuliko yote dukani. Mwendo wa bibi harusi. Na bado.

"Basi ni mimi," alisema kwa sauti, peke yake. "Jonna amesema kweli. Nimekwisha."

Akalia. Hakulia machozi ya kufuta kwa kidole. Alilia mpaka vioo vikaingia ukungu, akamlilia Ruska, akajililia mwenyewe, akamlilia hata Aarne ambaye alidhani amekwisha kumlilia. Halafu akapangusa pua, akalinasua tela kwa kurudi nyuma kidogo kidogo mpaka likanyooka, akarudi nyumbani. Akatoa simu, akalitafuta jina la Leskinen, akalitazama.

Nitampigia, alijisemea, lakini kwanza nimvalishe Ruska misumari yake. Ua mzima umekuwa barafu, na farasi wa kuuzwa naye anastahili kutoka zizini bila kuanguka.

Zizini kulikuwa na joto la mnyama na harufu ya nyasi kavu. Ruska akampulizia shingoni. Viatu vya farasi vya baridi vina matundu, na misumari minene hukazwa humo kwa spana. Kazi hiyo Hilkka anaifanya tangu akiwa msichana, angeweza kuifanya usingizini. Akainua mguu wa mbele wa kushoto, akasafisha matundu, akakaza. Akahamia wa kulia, akakaza. Alikuwa anaongea na farasi kwa sauti ya chini, anamweleza kwamba mazizi ya Kajaani yana joto, kwamba kule kuna watoto, na kila alipofika kwenye neno watoto alirudia kukaza msumari uliokwisha kukazwa.

Simu ikalia. Ni Taisto.

"Shemeji, uko wapi? Nimetoa keki za nyota kwenye jiko, zile za jamu ya plamu. Kahawa iko tayari. Njoo kabla sijazimaliza."

"Namvalisha Ruska misumari. Nimemaliza miguu ya mbele tu."

"Ya mbele inatosha bwana, njoo! Ya nyuma utafanya kesho."

"We Taisto una wazimu?" Hilkka akafoka, maana alikuwa amepata mtu wa kumfokea. "Ya mbele inatosha! Nikimtoa hivi kwenye barafu, mbele asimame, nyuma ateleze, si matako yatampita kichwa? Toka lini farasi akavalishwa..."



"Hilkka? Umekata?"

Hakuwa amekata. Alikuwa ameinama, mkono mmoja kwenye simu, mwingine kwenye mguu wa nyuma wa Ruska, kinywa wazi. Mbele asimame, nyuma ateleze. Aliyaona tena mambo ya kwenye kioo cha pembeni, mara ile ya Saukkovaara na hii ya leo, na mara zote mbili gari lilikuwa limeshika barabara. Gari halikuteleza hata siku moja. Kilichokuja ni kile cha nyuma.

"Mungu wangu," alisema. "Tumevalisha miguu ya mbele tu."

"Miguu gani? Si ndiyo nakuambia..."

"Nyamaza, Taisto. Kula keki zako."

Akachukua taa ya kichwani, maana mwezi huo jua letu likichungulia saa nne, saa tisa limekwisha kuaga. Akazunguka nyuma ya zizi, akapiga magoti kwenye theluji, akafagia magurudumu ya tela kwa mkono. Matairi yalikuwa mazuri. Hilo ndilo la kuudhi! Yalikuwa na meno marefu, meno ya tairi jipya, kwa sababu tela hilo halitembei sana, na kila mtu aliyelipita alitupa jicho akasema matairi ya tela mazima hayo. Akavua glavu, akabonyeza kwa ukucha. Ukucha ukagonga kama amegonga meza. Akamulika kwa karibu: mpira umejaa nyufa nyembamba, mkavu, umekufa. Na yalikuwa ya kiangazi. Aarne aliyanunua Jonna akiwa bado yuko sekondari.

Hilkka akakaa kitako kwenye theluji akacheka mpaka Ruska akaitikia kutoka zizini.

"Aarne, Aarne," alisema huku akipangusa machozi ya aina nyingine. "Umekwisha kuzikwa na bado unanitupa mtaroni."

Asubuhi yake alikuwa kwa Reijo na tela nyuma, ameendesha kwa mwendo wa konokono, taa zote zikimetameta, foleni ya watu wenye hasira nyuma yake. Reijo alikuwa anafunga duka kwa ajili ya sikukuu. Kule kwake paja la nguruwe la Krismasi lilikuwa tayari linasubiri kuingia jikoni, na mkewe alishapiga simu. Taisto alikuwepo, amekuja kumtakia heri na kumbishia mara ya mwisho kwa mwaka.

Hilkka hakusema mengi. Aliwaonyesha. Reijo akachuchumaa, akabonyeza tairi kwa kidole gumba, kisha akabonyeza la pili.

"Mimi ndiye niliyelitoa tela hili mtaroni," alisema mwishoni. "Nililishika kwa mikono hii."

"Na mimi nilikuwepo nikikuelekeza," alisema Taisto.

"Unielekeze wapi? Ulikuwa unanihubiria mpira laini."

"Na wewe ulikuwa unanijibu!"

Wakatazamana wale wanaume wawili, wakatazama matairi, na aibu ikawashika wote. Mwezi mzima wamepiga domo, mwaka mzima wamechambua ajali ile kipande kwa kipande, na kitu chenyewe kimekaa mbele ya macho yao kina magurudumu manne. Kosa la namna hii, nakuambia, litatokea kwetu tu. Kwingineko watu wangeangalia tela kwa sababu hawana la kubishania.

"Na mimi nimo," alisema Hilkka. "Nimelifunga na kulifungua miaka yote hii. Msijigawie aibu peke yenu."

Reijo akafungua tena duka. Akapekua nyuma kabisa akatoka na manne ya saizi ya tela, ya baridi, yenye kubeba uzito wa tela na farasi. Akayasimamisha mbele ya Hilkka, akasita, akamtazama Taisto kama anayesubiri kofi.

"Yana misumari," alisema.

Taisto akatazama dari.

"Weka, bwana, weka," alisema. "Ila ukimwambia mtu kwamba nimesema, nakukana mchana kweupe."

Jonna alifika mkesha wa Krismasi. Wakaenda sauna kuoga mvuke, wakala paja la nguruwe na viazi, wakawasha mishumaa kwenye kaburi la Aarne, na Hilkka akamweleza habari ya tela. Jonna alimsikiliza kwa upole ule unaoudhi, upole wa mtu anayemsikiliza mgonjwa.

"Mama, mwaka jana ilikuwa barafu. Mwaka huu ni tela. Mwakani itakuwa nini?"

"Kesho kutwa utaona."

"Nitaona. Na masharti ni yaleyale."

"Yaleyale," alisema Hilkka.

Siku ya Stefano ikaamka na hali ya hewa mbaya kuliko zote. Baridi ilikuwa imelegea usiku, na barabara iling'aa kama sahani iliyopakwa mafuta. Jonna alisimama kibarazani, akajaribu kukanyaga, akarudi ndani mbio.

"Mama, leo hapana. Tuwapigie simu."

"Bibi Kyllikki kule kwa wazee amevaa koti lake tangu alfajiri, amekaa mlangoni anamsubiri Ruska. Wewe mpigie. Mimi siwezi."

Jonna hakumpigia simu bibi Kyllikki.

Wakampakia Ruska, misumari kwenye miguu yote minne. Hilkka akapima upepo wa matairi ya gari, akapima ya tela, akakagua ndoano, akaikagua tena. Jonna akapanda, akafunga mkanda, akaweka mkono wake wa kulia chini ya kishikio, haukukigusa, ulikaa tu pale karibu. Wakatoka.

Misumari ililia chini, krrr, na nyuma yake ikaja krrr nyingine ya tela, na Hilkka akajikuta anaisikiliza ile ya nyuma kama mama anayesikiliza pumzi ya mtoto chumba cha pili. Kila kona aliichukua pole. Kila kona tela lilimfuata. Kufika kwenye daraja, mkono wa Jonna ulikuwa umeshuka mpaka begani. Kufika kwenye kiwanda cha mbao, ulikuwa mapajani.

"Taisto hakuja kanisani juzi?" Jonna aliuliza.

"Alikuja. Alilala. Mchungaji alipofika kwenye wachungaji wa kondeni, Taisto akakoroma mpaka mtoto mmoja akauliza kama hao ni kondoo."

Jonna akacheka. Si cheko la adabu, alicheka hasa, kichwa nyuma, na Hilkka akakumbuka kwamba hajakisikia kicheko hicho tangu majira ya baridi yaliyopita. Akaendelea. Akamsimulia jinsi Taisto alivyomwekea Reijo keki za nyota dukani na bango la "mpira mtupu" juu yake. Jonna akalia kwa kucheka. Akachukua chupa ya chai iliyojaa kahawa, akafungua, akaanza kumimina kwenye kikombe, anauliza, "Na Reijo akafanyaje?"

"Akachomeka msumari katikati ya kila keki," alisema Hilkka, na palepale barabara ikainama mbele yao, na chini kabisa kwenye mteremko, katikati ya njia, alikuwa amesimama paa-theluji, yule swala mnene wa huku kwetu, mwenye pembe kubwa, anawatazama kana kwamba barabara ni ya baba yake.

Hilkka akakanyaga breki.

Safari hii hakukanyaga yai. Alikanyaga. Misumari ikauma, gari likanguruma chini, na akasubiri nyuma kupwaye. Alisubiri kwa mwili mzima, meno yameumana, macho kwenye kioo cha pembeni. Kioo kilimwonyesha theluji, miti, na ubavu wa tela uliokaa mahali pake. Halikuja. Lilikuwa linavuta breki pamoja naye, nyuma yake, kama linavyotakiwa. Wakasimama. Yule mnyama akawatazama kidogo zaidi, kwa dharau, akaondoka zake msituni taratibu.

Nyuma, Ruska akapiga kwato moja kwenye sakafu ya tela, kama anauliza kuna nini.

Hilkka hakuthubutu kugeuza shingo. Alianza kwa jicho la pembeni. Jonna alikuwa amekaa wima, mikono yote miwili imekumbatia kikombe cha kahawa. Nusu ya kahawa ilikuwa imemwagikia suruali yake. Kishikio juu ya mlango kilikuwa kinaning'inia peke yake.

"Hukukishika," alisema Hilkka.

"Nini?"

"Kishikio."

Jonna akainua macho akakitazama kama anakiona mara ya kwanza. Halafu akatazama mbele, akatazama nyuma, akaona kibao cha barabara kilichochungulia kwenye theluji. Rangi ikamtoka.

"Hapa si Saukkovaara?"

"Ndipo."

"Mama. Nilikuwa namimina kahawa Saukkovaara."

"Nimeona. Umeniharibia kiti."

"Nilisahau." Sauti ya Jonna ilikuwa imebadilika. "Mwaka mzima simu ikilia usiku nadhani ni wewe uko mtaroni. Kila theluji ikianguka silali. Na leo nimesahau kuogopa, mama. Nimesahau kabisa."

Hilkka alitaka kusema kitu cha utani, maana huku kwetu ndivyo watu wanavyopita mahali kama hapo. Badala yake akamshika binti yake mkono, huo uliolowa kahawa, akaubana.

Wakawasha taa za tahadhari, wakashuka. Jonna akaenda nyuma kumwona Ruska, akamkuta anatafuna nyasi, hana habari. Wakati anarudi akasimama akatazama barabarani. Nyuma yao, kutoka juu ya mteremko mpaka waliposimama, kulikuwa na michoro miwili iliyonyooka, ya kushoto na ya kulia. Tela lilikuwa limepita juu ya njia ya gari, na hakuna mahali palipotoka pembeni.

Jonna akatoa simu mfukoni.

"Unampigia nani?" Hilkka aliuliza.

"Leskinen. Nimwambie asisubiri." Akabonyeza, akaweka simu sikioni, halafu akaiondoa kidogo. "Na tukifika Alakylä, wazee wakishapanda sleji wote, utanifundisha kurudi nyuma na tela. Sijui hata unageuza usukani upande gani."

"Upande usiotaka kwenda," alisema Hilkka. "Panda gari. Bibi Kyllikki anatokwa jasho ndani ya koti."